Je, Uhuru Una Dini?

Ndugu msomaji, ukiulizwa ni dini gani iliyoikomboa Tanganyika, utajibu nini? TANU ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, 1954, kiongozi wake, Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki. Wazee Waislamu wa mji huo walimpokea na kumwombea dua. Bibi Titi Mohamed akawaita akina mama, nao wakaitika kwa wingi. Mwaka 1955 Nyerere aliacha ualimu katika shule ya misheni ya Pugu ili autumikie umma. Nao uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, haukumwuliza mtu madhehebu yake.

Basi, mwenye kuisimulia habari hii akawataja watu wa dini yake tu, huenda asiseme uwongo, lakini ushahidi wake umepunguka. Nayo Qurani Tukufu yatuamuru tusimamishe uadilifu hata kama ushahidi ni juu ya nafsi zetu. Kupunja mizani sokoni ni dhambi. Je, kupunja mizani ya kumbukumbu si dhambi? Watajie watoto wako wema wa wale wasioswali pamoja nawe. Hapo utajua kama waipenda haki, au walipenda kundi lako tu.