Huruma ni Namna ya Kuona

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikakazia haki hiyo. Ni ahadi kubwa, lakini imetamkwa kwa ukanushi: inakataza mgonjwa kufukuzwa mlangoni, haisemi atapokewaje. Mtu anaweza kupewa kitanda, dripu na sindano, akatoka bila yeyote kumtazama usoni. Kisumu wanalijua jambo hili. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ilifunguliwa na Rais Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, na siku hiyohiyo walinzi wa Rais wakawafyatulia risasi wananchi waliokusanyika. Mji huu ulijifunza mapema kwamba jengo la tiba na utu si lazima vifike kwa gari moja. Ndiyo maana swali la huruma katika idara ya dharura si la mapambo. Wengi hulijibu kwa haraka: tiba kwanza, upole baadaye, heri nesi mkali anayeijua kazi kuliko mpole asiyeijua. Mimi naona mgawanyo huo wenyewe ndio kosa. Huruma, ikieleweka vizuri, ni sehemu ya kuijua kazi.

Tuanzie kwenye benchi la watoto msimu wa mvua, malaria inapopanda katika ukanda wote wa ziwa. Mtoto mmoja analia kwa sauti inayojaza ukumbi, na mama yake amesimama mbele kabisa akidai asikilizwe. Nyuma yao mwingine amefungwa mgongoni kwa leso, kimya, na bibi yake hasemi neno kwa kuwa anadhani mjukuu amepata usingizi. Muuguzi aliyefunzwa kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali hapiti kwa kufuata foleni. Anashika mikono kuona kama ni ya baridi, anafunua kiganja kutazama kama damu imekwisha, anabonyeza ukucha na kuhesabu sekunde hadi wekundu urudi. Zikizidi tatu, na mikono ni ya baridi, na mtoto ni mlegevu, yule wa mgongoni anatangulia. Anayelia bado ana pumzi ya kulilia. Muuguzi katika dakika ile huenda hasikii uchungu wowote moyoni. Amechoka, ana wagonjwa wengine kumi kichwani. Lakini amemwendea asiyeomba chochote. Mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil, aliyefariki 1943, aliuona usikivu wa namna hii kuwa ndio kiini cha kumpenda jirani: kuiweka nafsi kando ili yule mwenye mateso aonekane alivyo. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba hospitalini usikivu huo una kipimo kikali. Ukikosekana, mtoto hufia foleni.

Kuna pingamizi zito hapa. Mwanasaikolojia Paul Bloom aliandika mwaka 2016 kitabu kizima kupinga kutegemea hisia za kuvaa maumivu ya mwingine, kwa hoja kwamba hisia hizo hupendelea: humwangukia aliye karibu, anayefanana nasi, anayevutia. Kenya hatuhitaji kufundishwa hilo. Jina la ukoo, lugha ya mgonjwa, simu ya mtu anayemjua daktari, vyote vinaweza kufupisha foleni. Bibi wa Usenge anayezungumza Dholuo tu, mbele ya mhudumu anayeuliza kwa Kiingereza, hupoteza nusu ya maelezo yake kabla hajaguswa. Bloom yuko sahihi kuhusu hisia. Lakini hoja yake inaipiga hisia, haiupigi usikivu. Tena usikivu ndio dawa ya upendeleo huo. Mfikirie mgonjwa wa selimundu. Ugonjwa huu umejaa kandokando ya ziwa kwa sababu mwenye jeni moja ya selimundu hulindwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, hivyo vizazi vya malaria vikaieneza. Kijana anafika akijikunja kwa maumivu ya mifupa. Hana jeraha, pengine mapigo na presha yake havitishi, na sura yake inajulikana kwa kuwa alikuwapo mwezi uliopita. Mawazo ya haraka yanasema: huyu tena, anataka sindano. Hisia haimsaidii, kwa sababu hana damu inayotoka ya kuiamsha. Kinachomsaidia ni mtu aliyejizoeza kuamini kwamba maumivu yasiyoonekana yapo, akauliza yameanza lini, yako wapi, akapima kiwango chake cha oksijeni, na akampa dawa ya maumivu mapema, kisha akarudi kuona kama imefanya kazi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni maarifa, na kwamba neno huruma naliingiza kwa mlango wa nyuma. Ushahidi mmoja unanifanya nisirudi nyuma. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika wakiwa na homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika. Mazoea ya kwingine yalikuwa kuwamwagia watoto wa aina hii maji ya mshipa kwa haraka. Waliopewa maji hayo walikufa zaidi: ndani ya saa 48, asilimia 10.5, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Nia njema ilikuwapo kote, na iliua. Lakini kilichowafanya watafiti wathubutu kulijaribu jambo ambalo wengi waliliona jema ni kukataa kuridhika na nia yao wenyewe, wakawatazama watoto hawa, wengi wao wenye malaria na upungufu wa damu, badala ya kufuata yaliyozoeleka kwa watoto wa kwingine. Maarifa bila mtazamo huo hubaki kanuni iliyoazimwa.

Pingamizi la muda ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mwaka 1973 wanasaikolojia Darley na Batson walichapisha jaribio lao la Princeton: wanafunzi wa teolojia, baadhi wakienda kutoa mada kuhusu Msamaria Mwema, walipitishwa mbele ya mtu aliyejiinamia mlangoni akikohoa. Wasiokuwa na haraka walisaidia kwa asilimia 63. Waliohimizwa kukimbia, asilimia 10. Mada waliyobeba kichwani haikubadili sana jambo. Basi tumdai nini nesi wa Kisumu siku kama ile ya Agosti 2025, basi la waombolezaji lilipoanguka kwenye mzunguko wa Coptic, likaua watu zaidi ya 20, na majeruhi wakaletwa kwa mpigo? Nasema tumdai, lakini si yeye peke yake. Jaribio lile halikuthibitisha kwamba watu ni wakatili; lilionyesha kwamba haraka hupofusha. Anayepanga wauguzi wawili pale panapohitajika sita amepanga upofu, na lawama ya neno kali lililotamkwa saa tisa usiku huanzia mezani pake.

Hapo ndipo pia dai la kuwa wauguzi lazima wawe sugu linapoanguka. Mwanafalsafa Andrew Jameton, mwaka 1984, aliipa jina dhiki ya muuguzi anayejua lililo sawa na kuzuiwa kulitenda. Kinachomkausha mtu ni kumwona mgonjwa vizuri, kujua anahitaji damu, na kuwatuma ndugu zake watafute glavu na dripu dukani huku benki ya damu ikiwa tupu. Ugumu wa moyo unaokuja baadaye ni kovu; hatuwezi kuufanya uwe mtaala. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu miezi mitano hivi, kuanzia Juni hadi Novemba, na wengi waliwaita hawana utu, kana kwamba wito wa mtu ni sababu ya kutomlipa. Wagonjwa waliumia kweli, na sitaki kulificha hilo. Lakini anayeidai huruma kama sadaka ya bure kutoka kwa mfanyakazi, huku akimnyima vitu vya kuitendea, hajakielewa anachodai.

Linabaki swali linaloitikisa hoja yangu mwenyewe. Kama huruma ni namna ya kuona inayookoa, ina kazi gani kwa aliyekwisha kufa? Muuguzi humfuta damu maiti kabla mama yake hajaingia, ingawa hakuna mapigo tena ya kuhesabu. Nimelifikiri sana, na jibu langu ni kwamba kuona kwa namna hii hakukuwahi kulenga tu uhai uendelee, kulilenga mtu. Mama anayeingia anahitaji kumtambua mwanawe na kuambiwa ukweli kwa lugha anayoielewa, na hilo linataka usahihi uleule wa benchi la watoto: nani aseme, lini, ameketi au amesimama. Kaunti inapoandika bajeti ya idara ya dharura, chumba chenye mlango wa kufunga kwa ajili ya mazungumzo hayo ni kifaa cha kazi, na kiandikwe kwenye orodha moja na mitungi ya oksijeni.