Kumfuata Adui Baada ya Kutoka Nchini

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya haya: katika mambo ya vita liko suala moja ambalo wengi hulipita mbio, nalo ni hili. Mtu aliyeingiliwa nyumbani mwake kwa dhulma ana haki ya kumpiga aliyemwingilia mpaka amtoe. Je, akisha kumtoa, ana haki ya kumfuata mpaka kwake na kumbomolea nyumba?

Suala hili halikubaki vitabuni tu. Lilisimama mbele ya dola mbili za Kiislamu zilizo jirani, Iraki na Irani, ambayo wazee huiita Uajemi, zilizopigana miaka minane, tangu 1980 mpaka 1988. Kwa watu wa pwani nchi hizo si ngeni: majahazi ya Basra yalikuwa yakileta tende zake Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, na wako watu wengi wa pwani wanaojinasibisha na Shirazi.

Asili ya khabari ni hii. Upande wa kusini, mpaka wa nchi hizo ni mto wa Shatt al-Arab. Mwaka 1975 zilifunga mkataba katika mji wa Algiers kwamba mpaka ufuate mkondo wa mto. Tarehe 17 Septemba 1980 Saddam Hussein, rais wa Iraki, aliutangua mkataba huo, na tarehe 22 jeshi lake likaingia Irani. Mji wa Khorramshahr, ambao Waarabu huuita Muhammara, ukatekwa baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba. Siku hizo hukumu ilikuwa wazi: aliyeingia ni dhalimu, na aliyejitetea yu katika haki yake, kwani katika Sura ya al-Hajj Mwenyezi Mungu amewapa idhini ya kupigana wale wanaopigwa vita kwa kuwa wamedhulumiwa.

Wairani wakasubiri na wakapigana, na katika mwaka 1982, baina ya Machi na Mei, wakalisukuma jeshi la Iraki nyuma. Khorramshahr ilirudi mikononi mwao tarehe 24 Mei. Mwezi wa Juni Saddam akatangaza kuwa atawatoa askari wake katika nchi ya Irani, akataka vita visimame. Na askari wakarudi nyuma, ingawa sehemu chache za mpakani walibaki nazo.

Hapo ndipo penye njia panda. Haifai kusema kwamba wakubwa wa Teheran hawakuwa na hoja. Walisema: aliyetangua mkataba jana, ataaminiwaje leo? Walisema tena: miji imevunjwa na watu wamekufa, basi nani atakayelipa? Na walisema: dhalimu akiachwa pasi na kuhukumiwa, atarudia dhulma yake. Hoja hii ya mwisho haikuwa ya upuzi, kwani mwaka 1990 mtu yule yule aliingia Kuwait kama alivyoingia Irani.

Tarehe 12 Julai 1982 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitaka vita visimame na kila jeshi lirudi mpakani kwake. Siku ya pili yake, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1402, jeshi la Irani likavuka mpaka kuuendea mji wa Basra. Basra haikutekwa siku hizo, wala haikutekwa baadaye. Yakafuata mashambulizi juu ya mashambulizi, na kila moja likapewa jina tukufu: Khaybar mwaka 1984, Badr mwaka 1985, Karbala mwaka 1986 na 1987. Na Saddam naye vita vyake aliviita Qadisiyya. Mtu akiandika juu ya chupa ya shubiri ya kwamba ni asali, uchungu hauondoki. Huko Badr ya kwanza Waislamu walipigana na makafiri waliowafukuza majumbani mwao. Katika hii ya pili, waliouawa huku na huku walikuwa wakielekea kibla kimoja.

Na hukumu ya jambo hili imo katika Sura ya al-Hujurat, aya ya tisa. Maana yake ni kwamba makundi mawili ya waumini yakipigana, wengine wayapatanishe. Kundi moja likiruka mipaka, lipigwe hilo hata lirejee katika amri ya Mwenyezi Mungu. Na likirejea, wapatanishwe kwa uadilifu. Msomaji na aangalie kwamba ruhusa ya kupiga imewekewa kikomo, na kikomo chenyewe si kuangamia kwa dhalimu bali ni kurejea kwake. Ama khofu ya kuhadaiwa, Sura ya al-Anfal imekwisha kuijibu: adui akielekea kwenye amani, Mtume aliamrishwa aielekee pia na amtegemee Mwenyezi Mungu, na wakitaka kumhadaa, basi Mwenyezi Mungu yatosha. Khofu ya hadaa ni sababu ya kukesha mpakani na silaha mkononi. Si sababu ya kuuvuka.

Tena, jambo lililotakiwa lilibadilika. Mwanzo ilitakiwa ardhi irudi, na hiyo ni haki. Kisha ikatakiwa mtawala aondoke, na bei ya kumwondoa haikulipwa na yeye. Ililipwa na vijana wa Irani, wengi wao wa kujitolea na wengine wadogo hawajaota ndevu, walioyaendea mabomu yaliyotegwa ardhini, na ililipwa na askari wa Iraki waliopelekwa kwa amri. Saddam alikaa katika enzi yake mpaka mwaka 2003.

Wala asidhani mtu kwamba Iraki, ilipogeuka kuwa yenye kushambuliwa, ilipata udhuru wa kila kitu. Jeshi lake lilitumia gesi ya sumu, na tarehe 16 Machi 1988 ikamwagwa juu ya Halabja, mji wa Wakurdi ulio ndani ya Iraki yenyewe, wakafa watu wapatao 5,000, wake kwa watoto. Basi haki haishikamani na nchi wala na bendera. Hushikamana na kitendo. Kila mmoja wa hawa wawili alikuwa na siku ambayo alijitetea kwa haki, na kila mmoja aliipita siku hiyo akaingia katika dhulma.

Na lawama si ya wapiganaji peke yao, kwani amri ya kwanza katika aya ile wameambiwa wasiopigana: wapatanisheni. Mwaka 1981 kamati ya dola za Kiislamu, ikiongozwa na Sékou Touré, rais wa Guinea, ilikwenda baina ya Baghdad na Teheran, isifaulu. Lakini Saudia na Kuwait ziliikopesha Iraki mali nyingi, na Syria na Libya zikawa upande wa Irani. Anayevuta kamba upande mmoja hawezi kuwa msuluhishi. Na neno la kwamba Iraki ndiyo iliyoanza halikuandikwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ila mwezi wa Disemba 1991. Lau lingalisemwa wazi mwaka 1980, huenda aliyedhulumiwa asingaliona kuwa hana hakimu ila upanga wake.

Wako wasemao kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Na wajibiwe kwamba upanga ulikwisha kuileta mlangoni mwaka 1982, ikafukuzwa. Vita vilisimama tarehe 20 Agosti 1988, na mpaka ulikuwa pale pale. Na mwaka 1990 Saddam mwenyewe aliukubali tena mkataba wa 1975 alioutangua. Katika miaka sita iliyozidi watu walikufa kwa maelfu mengi, na mitende ya Shatt al-Arab ikaungua na kukatika isiyohesabika, ilhali Sayyidna Abubakar aliwausia majeshi yake wasikate mti wenye matunda.

Basi aliyedhulumiwa, awe mfalme au awe mtu na jirani yake wanaogombania mpaka wa shamba, kuna siku moja imetisha kuliko siku ya kudhulumiwa, nayo ni siku adui yake anaporudi nyuma. Siku ya kwanza hukumu iko kwa dhalimu. Siku hii ya pili hukumu imo mikononi mwake, na ataulizwa aliitumiaje.

Wallahu aalam, wabillahi ttawfiq.