Jumatatu: Miiba Isongayo

Soma Mathayo 13:3–9, 18–23. Mbegu iliyoanguka penye miiba ilipatwa na nini? Yesu alisema miiba hiyo ni kitu gani?

Mbegu hii ya tatu ndege hawakuila, wala jua halikuiunguza. Ilipata udongo, ikaota. Iliyokosa ni nafasi ya kupumua, kwa maana miiba ilikua pamoja nayo ikaisonga. Yesu aliitaja miiba hiyo kuwa masumbufu ya dunia pamoja na udanganyifu wa mali. Tena anayezungumziwa hapa si mpinzani wa injili. Ni mtu aliyelisikia neno.

Biblia ya Kiswahili inatumia hapa kitenzi "kusonga", na kutokana na kitenzi hicho watu husema leo "msongo wa mawazo". Lugha ya Kiingereza nayo ilifika mahali pale pale kwa njia yake yenyewe. Neno lake la kawaida la kuwa na wasiwasi ni "worry". Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa "wyrgan", yaani kunyonga. Ndugu yake wa Kijerumani, "würgen", hata leo maana yake ni kukaba koo. Baadaye Waingereza walilitumia kwa mbwa au mbwa mwitu amkamataye kondoo kooni. Kisha likaja kumaanisha kumsumbua mtu, na kufikia karne ya 19 likamaanisha pia mtu kusumbuka moyoni mwake. Maana ya zamani haijafa: sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo bado inalitumia kwa mbwa anayekimbiza kondoo.

Angalia jinsi maana ilivyogeuka. Mwanzoni mwenye kukaba alikuwa mnyama mkali kutoka nje. Mwishoni mtu anajikaba koo mwenyewe.

Ndivyo miiba inavyofanya kazi. Muumini anaendelea kuja kanisani, anarudisha zaka, anaimba pamoja na wengine. Lakini usiku anahesabu ada ya watoto, deni la dukani na majibu ya hospitali. Anafungua Biblia, anasoma sura nzima, na asikumbuke hata fungu moja. Hajaiacha imani, pumzi yake ndiyo inayopungua. Yesu hakusema mmea ule uling'olewa. Ulisongwa, usizae.

Soma 1 Wakorintho 12:25. 2 Wakorintho 11:28. Wafilipi 2:20 na 4:6. Je, kila kujali ni dhambi?

Neno la Kiyunani lililotumika kwa ile miiba ni "merimna". Paulo anatumia neno hilo hilo kwa mzigo aliokuwa nao kila siku kwa ajili ya makanisa yote. Kitenzi chake anakitumia kwa Timotheo, aliyewajali Wafilipi kwa moyo wa kweli, na kwa viungo vya mwili vinavyotunzana. Kisha katika waraka ule ule anaomsifu Timotheo, akiandika akiwa kifungoni, anawakataza Wafilipi kujisumbua kwa neno lo lote. Paulo hajipingi. Moyo ule ule unaoweza kumbeba mwenzake unaweza pia kujigeukia na kujinyonga. Wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili, nao hawakukosea kwa habari ya tahadhari: mkulima anayeweka akiba ya mbegu hatendi dhambi. Lakini tahadhari huishia katika kazi ya mikono, na wasiwasi unaokaba hauishi hata kazi ikiisha kufanyika.

Soma 1 Petro 5:6–8. Petro anataka fadhaa zipelekwe wapi, na kwa sababu gani?

Kitenzi ambacho Petro anakitumia, cha kumtwika Mungu fadhaa, kinaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya. Mahali pengine ni Luka 19:35, wanafunzi walipotupa mavazi yao juu ya mwana-punda. Vazi likiisha kutupwa pale, halikai tena begani mwa mwenyewe. Na sababu anayoitoa Petro haitegemei nguvu ya imani yetu: ni kwamba Mungu anajishughulisha na mambo yetu. Katika fungu linalofuata anataja simba angurumaye, atafutaye mtu wa kummeza. Kondoo aliyekwisha kujikaba mwenyewe ni windo jepesi.

Hata hivyo, kanisa lisilitumie fungu hili kama njia ya kumfunga mdomo mwenye shida. Mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada hasaidiwi na mtu anayemwambia, "Ondoa wasiwasi, ndugu, wewe omba tu," kisha akaenda zake. Aombewe, na viungo vingine vitimize 1 Wakorintho 12:25. Mara nyingi Mungu hulegeza mkono uliokaba koo la mtu kwa kutumia mkono wa mwenzake.

Maswali ya kujadili:

1. Taja fadhaa moja iliyokusonga juma hili. Ni sehemu gani yake unayoweza kuifanyia kazi, na ni sehemu gani unayopaswa kumtwika Bwana na kuiacha kwake?

2. Ni nani katika darasa lenu ambaye hajaonekana Sabato hizi za karibuni? Kabla ya kufunga darasa, amueni nani atakwenda kumwona, lini, naye atakwenda na nini mkononi.