Mnyapara na Mchumaji

Mfanyakazi akiwa mvivu, lawama ni ya nani: yake mwenyewe au ya mnyapara wake? Msomaji, usijibu upesi. Twende kwanza katika mashamba ya chai ya Kericho.

Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi lake. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na mizani hupima uzito, haipimi uangalifu. Mnyapara mkali atatisha na kikapu kitajaa. Lakini akigeuza kisogo, majani magumu huchanganywa na laini. Kazi ya woga hudumu muda wa kutazamwa tu.

Wako wachumao vema hata chini ya dhalimu, kwa kuwa tabia yao haimtegemei. Tuwaheshimu, lakini subira yao isiwe kisingizio cha dhuluma. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za wasimamizi wa mashamba ya Kericho waliowataka wanawake kimwili kabla ya kuwapa kazi. Je, aliyenyamaza alikuwa na tabia mbaya? La, alikuwa na watoto wa kulisha.

Hata hivyo, mchai usiopogolewa huwa mti mrefu usiofikiwa na mkono. Nidhamu ni lazima. Lakini kisu cha mjuzi huchipusha, na kisu cha mwenye hasira huua. Kila mtu huja kazini na tabia yake. Mnyapara hakuiumba, lakini ataulizwa aliitendea nini. Nawe utakapopewa watu kumi uwaongoze, usianze kwa kuhesabu wavivu. Anza kwa kujipima mwenyewe.