Chombo Kikimshinda Mtu, Aibu ni ya Nani?

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii twaijua sote, na twaitumia tunapozungumzia shida za watu wengine. Katika makala haya twakusudia kuitumia katika kuutazama ufundi wa siku hizi, yaani utengenezaji wa vyombo ambavyo mtu huviamuru navyo humjibu: simu za mkononi, kompyuta, na mashine za kutolea fedha benki. Swali letu ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi. Chombo cha namna hiyo kinapomshinda mtumiaji, aibu ni ya nani?

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Mama mmoja mzee alifika kwenye kibanda cha wakala kuchukua fedha alizotumiwa na mwanawe. Maandishi ya simu yake yalikuwa madogo kuliko nguvu za macho yake. Alibonyeza polepole, akisita kila hatua. Kabla hajamaliza, orodha ikafutika, ikambidi aanze upya. Mara ya tatu akamkabidhi wakala simu, akasema mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu, "Mwanangu, nisaidie, mimi mjinga." Kisha akaitaja namba yake ya siri. Kijana yule alikuwa mwaminifu. "Bibi," alimwambia, "namba hiyo usimtajie mtu yeyote, hata mimi." Lakini hakuwa na njia nyingine ya kumwonyesha. Bibi aliondoka na fedha zake zote, ila siri yake na heshima yake zilibaki pale kibandani.

Je, mama yule alikuwa mjinga? Mtu aliyelima, akalea watoto, na kukumbuka deni la kila jirani bila kuliandika, hawezi kuitwa hivyo. Aliyekosa ni yule aliyebuni chombo akidhani kwamba watumiaji wote wamefanana naye: wana macho makali, wamesoma, na wamezoea kwenda haraka. Kosa ni la mbunifu, lakini aibu ameibeba mtumiaji. Hiyo ndiyo dhuluma tunayoizungumzia.

Mhunzi wa kijijini hakuweza kudhulumu hivyo kwa muda mrefu. Jembe likiwa zito mno kwa mwenye kulitumia, au jepesi mno kwa udongo wa mfinyanzi, lilirudi penye mvukuto, na mwenye jembe akasimama palepale kueleza. Fundi wa vyombo vya leo yuko mbali, na kilio cha mtumiaji hakimfikii. Kwa hiyo, asipofunga safari mwenyewe kwenda kutazama, kuuliza na kusikiliza, hatajua kamwe.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mradi wa kisomo chenye manufaa uliokuwa na makao yake Mwanza uliwaandalia watu wazima wa mikoa ya Ziwa vitabu vya kujifunzia kusoma. Vitabu hivyo havikuwa vya namna moja. Kulikuwa na vya wakulima wa pamba, vya wakulima wa ndizi, na vya wavuvi. Walimu walitambua kwamba mtu hujifunza kwa kuanzia pale alipo, na kwamba kutofautiana kwa watu si kuzidiana kwa utu.

Mfano wa karibu zaidi twaupata kwa jirani zetu wa Kenya. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Oktoba 2005, huko Nairobi na Thika, nia ilikuwa kumwezesha mkopaji mdogo kulipa mkopo wake kwa simu. Walipowatazama watumiaji, wabunifu waliona mambo wasiyoyatarajia: watu walikuwa wakipelekeana fedha wao kwa wao, na wengine walizihifadhi humo kwa usalama wa safari. Huduma ilipofunguliwa rasmi Machi 2007, ulipaji wa mikopo uliwekwa kando, na kutuma fedha nyumbani kukawa ndiyo shughuli kuu. Hapo watumiaji waliwafundisha wabunifu.

Huenda msomaji akasema: hata kalamu na baiskeli vilihitaji kufundishwa; kwa nini mtu asijifunze simu? Ni kweli, na wajibu wa kujifunza hatuufuti. Lakini tutofautishe ugumu wa kazi na ugumu wa uzembe. Kulinda fedha kwa namba ya siri ni kazi, na yafaa kila mtu ajifunze. Kusoma maandishi yasiyoonekana, au kukimbizana na orodha inayofutika, si elimu. Ni mzigo tu. Wala dawa si kumtengenezea mwanakijiji chombo hafifu na msomi chombo kamili, kwani huo nao ni ubaguzi. Dawa ni chombo kinachompokea kila mtu kwa hali yake, na kumwacha na siri yake.

Basi twawaomba walimu wawafunze vijana kuvihoji vyombo pamoja na kuvitumia. Nanyi wanafunzi, ambao baadhi yenu mtakuwa wabunifu wa kesho, kabla ya kumcheka mzee anayehangaika na simu, ketini kando yake mtazame mahali vidole vyake vinapokwama. Hapo ndipo kazi yenu itakapoanzia.