BARUA SI HUKUMU YA MUNGU



Watoto wetu waliomaliza masomo ya sheria wanangoja majibu. Wameomba kuendelea na masomo ya juu zaidi, hapa kwetu na huko Ubelgiji na Ufaransa. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache. Wengine wanafunga na kuomba. Wengine wamekwisha kukataliwa, nao wanaficha barua kwa kuwaonea wazazi haya.

Tukumbuke. Tarehe 3 Oktoba 1921, huko Thysville, Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kufa bila wakili wa kumtetea. Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Papa alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki Elisabethville, 12 Oktoba 1951. Ni mwaka 2011 tu mahakama kuu ya kijeshi ya Kinshasa ilipoifuta hukumu ile. Miaka 90! Neno la watu halikuwa neno la mwisho.

Basi, watoto wetu, mnasoma sheria ili mtu asisimame tena peke yake mbele ya waamuzi. Kazi hiyo haingoji barua. Leo mnaweza kumsomea mjane hati za kiwanja chake. Upendo, Amri, Kazi: mnavyo tayari.

Nasi wazazi, tusiwasumbue kwa maswali kila asubuhi. Atakayekataliwa tumpokee mezani sawa na atakayekubaliwa.

Bwana atupe saburi. Amina.