Akila na Priskila, na vibanda vya wageni
(Matendo ya Mitume 18:1–3)



Yapata mwaka 49 baada ya Kristo, Kaisari Klaudio alitoa amri ya kwamba Wayahudi waondoke Rumi. Katika watu waliotoka kwa amri ile walikuwamo mafundi wawili wa kushona mahema, mume na mke, Akila mzaliwa wa Ponto na Priskila mkewe. Hatusomi ya kwamba walilipwa kitu. Twasoma tu ya kwamba walifika Korintho, wakaanza kazi yao tena, naye Paulo alipofika mjini mle akakaa kwao kwa sababu kazi yake ilikuwa ile ile.

Twaisoma habari hii upesi mno, kwa kuwa tunaharakisha kumfikia Paulo. Walakini ngojeni kidogo hapo mlangoni pa Akila. Fundi anayefukuzwa huchukua sindano, na uzi, na kisu chake. Hawezi kuchukua wateja wake. Hawezi kuchukua deni alilomkopesha jirani, wala kile kijia ambacho watu wamezoea kupitia kila asubuhi hata miguu yao yaleta wenyewe dukani pake. Hayo ndiyo duka. Mbao na bati ni vazi la duka tu.

Basi sisi tunaokaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, habari hii si ya mbali. Ujiji ni mji wa wageni tangu zamani. Waha ndio wenyeji wa nchi hii. Lakini mji wenyewe ulijazwa na watu waliotoka ng'ambo ya maji na pande za pwani: Wamanyema walioletwa na misafara ya pembe, wengine kwa hiari na wengine wakiwa watumwa, na Wabembe, na Warundi, na Waarabu, na Waswahili, na Wahindi. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta bandari ya biashara, na mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo, mgeni kwa mgeni, katika mji uliokuwa umezoea kuwalisha wageni kabla ya hao wawili kuzaliwa au baada yake, hatubishani. Hata leo anayetaka kitenge, au mawese, au migebuka iliyokaushwa, au dagaa wa Kibirizi, mara nyingi atanunua kwa mtu ambaye babu yake au yeye mwenyewe alivuka maji.

Tena mji huu umekwisha kuonja mara moja jinsi kazi kubwa ya serikali iwezavyo kuvihamisha vibanda. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Pwani ya Ujiji ina maji haba, meli kubwa haiwezi kukaribia. Ghuba ya Kigoma ina kina. Kwa sababu hiyo Wadachi walijenga gati Kigoma, na stesheni kubwa inayosimama hata leo, na hapo ndipo walipoziunga tena sehemu za ile meli iliyotengenezwa Papenburg na kuletwa vipande vipande, ambayo sisi twaijua kwa jina la Liemba. Hakuna askari aliyekwenda kuvunja maduka ya Ujiji. Biashara ilihama tu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na mwenye duka akabaki amesimama mlangoni akitazama njia tupu. Twasema hivi ili mtu asidhani ya kuwa mnyonge hupotezwa kwa nguvu peke yake. Aweza kupotezwa kwa ramani, na huyo aliyechora ramani asijue jina lake, wala asiwe na ubaya wowote moyoni.

Mbona tunayakumbusha hayo? Kwa sababu reli nyingine inakusudiwa kuja. Mwezi wa Desemba 2022 mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hata Kigoma, kilometa 506, ulitiwa sahihi. Nasi hatuipingi reli. Mtu aliyebeba kikapu cha dagaa kichwani hawezi kuambiwa ya kwamba gari la moshi ni dhambi. Twataka bandari njema, na barabara, na soko lisilovuja mvua. Miaka ya 2020 na 2021 maji ya Ziwa yalipanda na kumeza sehemu za pwani, na hakuna aliyeweza kulishitaki Ziwa. Swali letu ni moja tu: yule mama anayeuza chini ya turubai karibu na gati, siku ile upimaji utakapofika kwake, jina lake litaandikwa wapi?

Labda mtu atatujibu, Sheria ipo. Naam, ipo, nayo ni njema kuliko wengi wetu tujuavyo. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 24, yakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo fidia ya kufaa. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, yasema fidia iwe kamili, ya haki, na ya upesi. Kanuni zake za mwaka 2001 zahesabu si thamani ya ardhi na majengo tu, bali na gharama ya kuhama, na usumbufu, na faida ya biashara iliyopotea: faida halisi ya mwezi mmoja mara miezi 36. Someni tena, ndugu, miezi 36! Ni miaka mitatu ya kazi ya mtu. Lakini kanuni hiyo hiyo yasema ya kwamba faida ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa, pale inapobidi. Na sasa twauliza, ni nani katika wauza dagaa aliye na hesabu zilizokaguliwa? Hesabu yake imo kichwani, na sehemu nyingine imefungwa katika ncha ya kanga.

Hapo ndipo maskini huanguka. Mwenye nyumba ana hati, naye ataonekana. Mpangaji aliyepanga baraza yake kwa neno la mdomo miaka kumi na tano hana kitu cha kumwonyesha mthamini. Na akiwa mgeni, au mtoto wa mgeni, anaogopa hata kuingia ofisini kudai haki yake, maana ajua ya kwamba swali la kwanza halitakuwa juu ya duka. Ataulizwa, Wewe ni wa wapi? Basi hukunja turubai lake usiku, akaenda zake kimya. Nasi asubuhi twaona mahali ni pasafi, twasema, Kazi imekwenda vizuri, hapakuwa na ugomvi.

Tena hata ahadi ya kurudi si kitu chepesi. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua tarehe 10 Julai 2021, katika mtaa ule uliopewa jina lake na wapagazi wa vita vya kwanza, nao walikuwa watu wa kila kabila. Soko likajengwa upya. Mwaka 2024 orodha ya wafanyabiashara wa kurudi ilipotolewa, wako walioyatafuta majina yao wasiyaone, wakalia. Hatusemi nani alikosea. Sisi si waamuzi wao. Lakini jifunzeni ya kuwa katika mambo kama hayo, siku ya kuvunja si siku ya hatari kuliko zote. Siku ya hatari ni siku ya orodha.

Mnamkumbuka Nabothi wa Yezreeli, katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 21. Mara nyingi twahubiri juu ya Yezebeli na mashahidi wake wa uongo, na kweli lile lilikuwa chukizo. Lakini tazameni neno la kwanza la Ahabu. Aliahidi kutoa shamba lililo bora, au fedha, kadiri ya thamani yake. Lilikuwa neno la adabu, hata wengine wangeliita neno la haki. Uovu ulizaliwa pale mfalme alipokuta mtu mdogo aweza kusema hapana, akalala kitandani akageuza uso wake. Na Nabothi alikuwa na nguvu moja ambayo mgeni wa Ujiji hana: lilikuwa ni urithi wa baba zake. Mgeni atasema nini? Baba zake wamelala ng'ambo ya Ziwa.

Hapo torati yajibu, nayo yajibu kwa namna ya kutuaibisha sisi wenyeji. Katika Walawi, mlango wa 25, Mungu awaambia Waisraeli ya kwamba nchi ni yake mwenyewe, nao hukaa kwake kama wageni na wapangaji. Maana yake, mbele za Mungu hakuna mwenye nyumba. Sisi sote twakaa barazani pake kwa neno la mdomo.

Wala msidhani ya kuwa wakubwa hawawezi kubadili shauri lao. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makao Ulyankulu, na Katumba, na Mishamo, na shirika letu la Kikristo la kuwatumikia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, lilifanya kazi kati yao. Walifyeka pori, wakalima, wakafungua maduka na masoko. Baadaye, watu kama 162,000 walipokubaliwa kuwa raia, shauri lilikuwa wayaache makao yale na kutawanywa katika mikoa mingine. Fikirini, kupewa uraia kwa mkono mmoja na kuvunjiwa soko kwa mkono wa pili! Watu walikaa miaka kadhaa wasijue kama wapande miembe au wasipande. Mwishowe shauri lile liliachwa, na mwaka 2014 walianza kupewa hati zao, wakaruhusiwa kukaa walipokuwa. Serikali ilitenda vema, nasi twaishukuru.

Sasa twasema na ninyi mlio wa ushirika wetu, na kwanza na wenye nyumba, maana wamo kati yenu, hata katika viti vya mbele. Mpeni mpangaji wenu mkataba ulioandikwa, wenye tarehe na majina mawili. Mkimnyima kwa kuwa mwatazamia fidia yote iwe yenu, basi msilaumu reli. Ninyi ndio Ahabu wa baraza yenu. Na ninyi mliotumaini kupata chumba katika soko jipya kwa kuwa yule Mbembe hatarudi, twawaambia wazi, tumeyasikia maneno hayo yakisemwa baada ya ibada, chini ya mwembe, nasi tulinyamaza. Twaungama kunyamaza kwetu.

Akila na Priskila, walipopata tena kibanda, walimkaribisha mhubiri. Kisha Efeso kanisa lilikusanyika nyumbani mwao, na huko Rumi vile vile waliporudi. Angalieni, warudi Rumi! Mji uliowatoa ulipata kanisa barazani mwao.

Kwa hiyo twaomba kila usharika wa pwani hii uweke meza moja nje ya kanisa kila Jumapili baada ya ibada, na vijana wawili wanaojua kuandika vizuri. Kila mchuuzi na aje, Mkristo na Mwislamu, mwenyeji na mgeni, pasipo kuulizwa ametoka wapi. Aandikiwe katika daftari lake mwenyewe: jina, mahali anapouzia, tangu mwaka gani, amelipa ushuru kiasi gani, na amepata nini juma lile. Risiti zibandikwe kwa gundi ya muhogo. Daftari akae nalo mwenyewe, lisikae kwa mzee wa kanisa, na asiyekuwa na fedha ya kulinunua alipewe kutoka katika sadaka ya Jumapili hiyo.